Ukumbusho wa Mtu Asiyepata Kuzaliwa

Mji wa Cardiff ndio mji mkuu wa Wales, nchi ndogo ya milima na mvua nyingi iliyomo katika ufalme wa Uingereza, upande wa magharibi. Mwenye kutoka katikati ya mji akashika njia ya kusini hufika baharini, kwenye ghuba iitwayo Cardiff Bay. Hapo zamani palikuwa na bandari kubwa. Makaa ya mawe yaliyochimbwa katika mabonde ya Wales yaliteremshwa kwa reli mpaka hapo, yakapakiwa katika meli za kila taifa; mwaka 1913 peke yake zilipakiwa tani zaidi ya milioni 10. Siku hizi hapana makaa wala vumbi lake. Pana mikahawa, jumba kubwa la nyimbo na michezo, Bunge la Wales lililofunguliwa mwaka 2006, na gati liitwalo Mermaid Quay, ambako watu hutembea kupunga upepo.

Tukishuka kwenye njia ya mbao iliyo karibu na maji ya gati hilo, twakuta ukuta mmoja usiofanana na kuta nyingine. Umejaa picha za kijana mmoja aliyevaa suti na tai. Pana maua, ya kweli na ya bandia. Pana barua zilizoandikwa kwa mkono, nyingine zimetiwa ndani ya plastiki ili mvua isizifute. Pana mashairi na salamu za watu waliotoka nchi za mbali. Na pana kibao chenye maandishi ya heshima, kisemacho kwamba huyu alikuwa mwana wa Wales aliyetoa roho yake kuwatetea watoto wa dunia hii. Jina lake ni Ianto Jones.

Mgeni asiyejua khabari hii husimama akanyamaza kidogo, kama ifanyavyo kila mtu mwenye adabu mbele ya ukumbusho wa marehemu. Huenda akauliza: alikuwa askari huyu? Alikuwa baharia? Alikufa katika vita gani?

Wasomaji wetu, Ianto Jones hakuwa askari wala baharia. Hakuzaliwa na mama, hakula chakula cha dunia hii, na wala hana kaburi. Alikuwa mtu wa hadithi tu, katika mchezo wa televisheni ulioitwa Torchwood, ulioanza kuonyeshwa na shirika la BBC mwaka 2006. Mchezo huo ulikuwa wa khabari za kikosi cha siri kinachoilinda dunia na viumbe vitokavyo kwenye nyota nyingine. Makao ya kikosi hicho, katika hadithi, yalikuwa chini ya uwanja ulio hapo hapo ghubani, na mlango wake wa siri ulikuwa kwenye gati hili. Ianto ndiye aliyekuwa mtunza ofisi: kijana mtaratibu, mwenye nguo safi, apikaye kahawa nzuri na kuwahudumia wenziwe bila ya kelele.

Mwezi wa Julai mwaka 2009 hadithi ilionyeshwa kwa usiku tano mfululizo. Viumbe wageni walikuja kudai wapewe watoto wa dunia, mmoja katika kila kumi, na wakubwa wa serikali wakaketi kupanga ni watoto wa nani watolewe. Ianto alikuwa miongoni mwa waliokataa. Usiku wa nne, akiwa amesimama mbele ya viumbe hao, alivuta hewa ya sumu akafa.

Waliokuwa wakimpenda hawakustahimili. Walianza kuja kwenye mlango ule uliotumika kupigia picha, wakaweka maua na barua. Wengine walilipelekea shirika la BBC vifurushi vya kahawa, kuwa ishara ya kumtaka mpishi wao arudishwe. Wengine wakachanga fedha kwa jina lake kusaidia watoto wenye shida. Ianto hakurudishwa. Lakini ukuta haukuachwa. Maua yaliponyauka yaliletwa mengine, na barua zilipoharibiwa na mvua ziliandikwa nyingine. Wenye gati nao hawakuwafukuza watu hao wala hawakuung'oa ukumbusho wao. Bali waliweka kibao kile, kama kwamba aliyetajwa alipata kuishi.

Huenda msomaji akacheka, akasema: hawa hawana kazi. Sisi twaona kucheka si haki. Bibi zetu walipotutolea hadithi usiku, nasi tukaitikia, je, hatukulia yatima wa hadithi alipofukuzwa na mama wa kambo? Yatima yule naye hakupata kuzaliwa. Na wazungu nao hawakuanza jana. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alipoandika kwamba mpelelezi wake Sherlock Holmes ameanguka na kufa katika maporomoko ya maji kule Uswisi, wasomaji walihamaki mno, hata baada ya miaka kadhaa mwandishi akamrudisha. Moyo wa binadamu umeumbwa hivyo: ukisimuliwa khabari za mtu mpaka ukamjua uso wake, sauti yake na desturi zake, humpenda, na akiondoka humlilia. Hauulizi kwanza kama aliandikwa katika daftari la vizazi.

Lakini swali liko. Ikiwa anayesimuliwa hulilliwa, ni nini hali ya asiyesimuliwa?

Tusiondoke ghubani, maana jawabu iko hapo hapo. Nyuma ya gati hili pana mtaa wa Butetown, uliokuwa maarufu kwa jina la Tiger Bay. Makaa yale ya mawe hayakujipakia yenyewe, na meli zile hazikujiendesha. Katika matumbo yake, mbele ya tanuri za moto, walifanya kazi watu wa Somalia, Yemeni, Afrika ya Magharibi na kwingineko. Wengi walifanya makazi Tiger Bay, wakaoa, wakazaa, wakajenga misikiti. Msikiti wao wa mtaa wa Peel Street ulivunjwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941. Katika vita hivyo mabaharia wengi walizama na meli zao. Karibu na Bunge pana ukumbusho wa mabaharia wa meli za biashara, uliochongwa na Brian Fell mwaka 1997: ni uso wa mtu aliyelala, ulioungana na ubavu wa meli. Ni kazi nzuri, ila uso ule hauna jina.

Na yuko mmoja mwenye jina, ambaye yapasa ajulikane. Mahmood Mattan alikuwa Msomali, mzaliwa wa Hargeisa, baharia aliyeweka maskani Cardiff na kumwoa Laura, mwanamke wa Wales, wakapata watoto watatu wa kiume. Tarehe 6 Machi 1952 mwanamke mwenye duka, Lily Volpert, aliuawa kikatili dukani mwake karibu na bandari. Mattan akakamatwa. Ushahidi ulikuwa dhaifu; shahidi mkubwa alikuwa mtu ambaye maneno yake hayakuwa ya kutegemewa. Hata wakili aliyewekwa kumtetea alisimama mbele ya baraza akamtaja kuwa ni mtu nusu mshenzi. Alihukumiwa, na tarehe 3 Septemba mwaka ule ule akanyongwa katika jela ya Cardiff. Mkewe alikwenda jela kumtazama, akakuta tangazo limebandikwa mlangoni kwamba mumewe amekwisha nyongwa.

Alizikwa ndani ya jela. Miaka arobaini na zaidi hapakuwa na ua wala kibao. Aliyekuwa akimkumbuka ni mjane na wanawe, na majirani wachache wa mtaa ule. Hawakuchoka. Mwaka 1996 waliruhusiwa kumtoa na kumzika katika makaburi ya mji, na juu ya kaburi lake yakaandikwa maneno kwamba ameuawa kwa dhuluma. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu yake, na mwaka 2022 polisi wa nchi hiyo wakaomba radhi. Hata hivyo Laura na wanawe wote watatu walikuwa wamekwisha kufa kabla ya radhi hiyo kutolewa.

Basi hapa pana watu wawili wa mji mmoja. Mmoja hakupata kuishi, na alipokufa katika hadithi alipata maua siku zile zile. Wa pili aliishi, akauawa kweli, akangoja miaka arobaini na nne kupata kaburi lenye jina. Sisi hatusemi kwamba waliolia mbele ya ukuta wamekosa. Machozi yao yaonyesha kwamba huruma ipo, tena nyingi, hata kwa mgeni wa nchi nyingine. Kilichokosekana kwa Mattan si huruma ya watu, ni msimulizi. Na ushahidi wa jambo hili ni kwamba mwaka 2021 mwandishi Nadifa Mohamed, mzaliwa wa Hargeisa kama yeye, alitunga kitabu juu ya kisa chake, na watu wengi katika nchi nyingi, ambao hawakupata kulisikia jina lake, wakamjua na kumhuzunikia.

Wazee wenzetu, hili latuhusu. Vijana wetu wataangalia michezo ya televisheni na watawapenda watu wake; kukataza peke yake hakutatosha. Lakini katika kila nyumba pana watu wa kweli ambao hawajasimuliwa: babu aliyezama na jahazi, bibi aliyelea watoto saba baada ya kufiwa, mwalimu aliyesomesha bila ya mshahara. Watoto wetu huyajua majina yao tu, au hata hayo hawayajui. Tuwaambie walivaaje, walicheka namna gani, walipenda kahawa au chai, walikataa nini walipotakiwa kukubali dhuluma. Wakishawajua hivyo hatutahitaji kuwaamrisha wawaombee.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mahmood Mattan, na mabaharia wote waliolala pasipo jina.