Mhindi wa Sura ya Tatu

Nilimaliza kidato cha nne na daraja la nne, pamoja na daftari la riwaya. Daraja halikunisaidia kitu. Daftari nilikwenda nalo kazini, katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, ambako napima misumari kwa kilo. Sura ya tatu ilikuwa na Mhindi. Mnamfahamu, ndugu wasomaji: kitambi, bahili, "veve nataka nini?" Wala sikumtunga. Nilimkuta tayari vichwani mwetu.

Siku moja nikalisahau juu ya mizani, bosi akalisoma. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Mzee akavua miwani, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Kijana, huyu umemwazima. Sisi ni wakulima."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Patel mkulima?

Akavuta kiti. Kwao ni Charotar, Gujarat, nchi ya tumbaku na maziwa. Zamani waliitwa Kanbi, wakulima tu, na Wabrahmani waliwahesabu Washudra, tabaka la chini kati ya yale manne. Patel kilikuwa cheo cha mkuu wa kijiji. Baadaye wakajiita Patidar, yaani mwenye fungu la ardhi, na jina likawapandisha. Mwaka 1928 wakulima wa Bardoli walipogoma kulipa kodi ya ardhi waliyopandishiwa na Waingereza, kiongozi wao alikuwa Vallabhbhai Patel, na kodi ikapunguzwa. Hapo mzee alikaa wima kama yeye ndiye aliyegoma.

Lakini hata wao kwa wao wamepangana. Kuna vijiji sita vya wakubwa, Nadiad, Karamsad na wenzake, vilivyooana vyenyewe kwa vyenyewe. Wa kijiji kidogo akitaka kumwoza binti huko, alipe. Kwao mali hutoka kwa baba wa bibi arusi, ingawa sheria ya India iliipiga marufuku mwaka 1961. Babu yake aliweka shamba rehani kwa harusi ya dada mmoja. Shamba halikurudi, ndipo akapanda jahazi kuja huku.

Hiyo ikanigusa. Mwaka jana posa yangu ilikataliwa kwa kuwa babu yangu alikuja Tanga manamba, kukata mkonge. "Hatujui ametoka wapi," walisema. Basi nikamwuliza mzee swali la mjukuu wa manamba: hao wagomaji wa Bardoli, mashamba yao alilima nani?

Akanyamaza. Mteja akaja, akataka bawaba mbili, akaondoka.

"Wadubla," akasema. "Wengi wamefungwa kwa deni. Baba akifa, mtoto anarithi jembe la bwana yule yule."

Aliweza kuficha, hakuficha. Akaongeza, huku akitikisa kichwa, kwamba mwaka 1985 Wapatidar walikuwa mbele kupinga nafasi maalumu za masomo na kazi kwa tabaka za nyuma, na mwaka 2015 umati wao ukajaa Ahmedabad kuzidai nafasi hizo hizo.

Daftari akanirudishia. Kazi ninayo bado. Sura ya tatu nimeichana. Mpya inaanzia shamba la tumbaku, alfajiri, mwenye shamba anahesabu matuta. Pembeni kuna mtu ameinama. Huyo sijampa jina, na usiku ndiye ananinyima usingizi.