Shimo Lililofunikwa kwa Bati



Ndugu zetu, wengi mmetuuliza kwa nini mdogo wetu siku hizi anaswali juu ya kiti. Alianguka shimoni akiwa kazini Mbarara, na mguu wake wa kulia una chuma ndani.

Sisi wa Nakivale mashimo si mageni kwetu. Kila nyumba ina shimo la choo, na aghalabu vijana wetu ndio waliolichimba. Lakini hili hakulichimba yeye. Lilikuwa shimo la maji machafu, lenye kupita kimo cha mtu mzima, kwenye jengo alikopata kibarua cha kubeba matofali. Jioni mtu alilifunika kwa bati kuukuu. Usiku mvua ikanyesha, udongo uliorundikwa ukingoni ukaporomokea juu ya bati, na asubuhi pakaonekana kama uwanja tu. Lingeachwa wazi angeliona. Mbao nne na kamba ya kuzungushia zingetosha!

Wenzake walimvuta kwa mikono wakampakia kwenye bodaboda. Tukiri kuwa hilo nalo lilikuwa kosa. Aliyeanguka hivyo huenda ameumia uti wa mgongo, hivyo hatikiswi mpaka apatikane wa kumbeba sawasawa.

Nyumbani tukasema ni qadar ya Allah, na ni kweli. Msimamizi naye akalisema neno hilo hilo, tena haraka kuliko sisi. Hapo mama akakasirika. Sheikh tuliyemwendea akatueleza kuwa wanavyuoni wa fiqhi walikwisha kulijadili zamani: anayechimba kisima katika ardhi yake si sawa na anayechimba penye mapito ya watu pasina haki, huyu wa pili hudhamini. Na sheria ya Uganda ya mwaka 2000 ya fidia kwa wafanyakazi inamtwika mwajiri, ila aliyeumia atoe taarifa ndani ya mwezi mmoja. Ukimbizi si kizuizi, kwani sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Haya yote hatukuyajua.

Barua tuliipeleka siku ya 26, na nakala kwa ofisa wa kazi. Gharama za dawa zimelipwa; za miezi aliyokaa bila kazi bado tunadai. Wenzake wawili wamerudi pale pale. Kila jioni mama huwauliza kama shimo lile limewekewa mbao.