Kiatu Kilichooza Tumboni: Habari za Riruta Satellite

Mtu atokaye Ngong Road pale Dagoretti Corner, akaishika Naivasha Road, hutambua mara moja kwamba ameingia katika nchi ya udongo mwekundu. Hata mwaka 1963 upande huu ulihesabiwa kuwa wa Kiambu, ndipo ukatiwa katika mipaka ya mji wa Nairobi. Siku hizi majumba ya ghorofa na maduka yamebanana kutoka Riruta Satellite mpaka Kawangware, walakini masika yakinyesha udongo hukumbuka kwamba ulikuwa shamba. Hugandama viatuni kama ugali, na penye mteremko huteleza kama sabuni.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa nikipita njia hiyo kwenda kazini, miguuni nina viatu nilivyonunua juma lililotangulia katika soko la mitumba. Ngozi yake haikuwa na mkunjo hata mmoja, na soli zake nene nyeupe hazikuonyesha dalili ya kuvaliwa. Nilijiona mwenye bahati. Lakini kabla sijafikia kituo cha basi mguu wa kulia ulishuka ghafula, kama aliyekanyaga shimo. Kutazama nyuma, nikaona vipande kama vya mkate mkavu vimetapakaa njiani. Soli ilikuwa ikimeguka kwa kila hatua. Watoto wa shule walicheka sana, nami sikuwalaumu.

Kando ya njia palikuwa na fundi, mzee wa makamo, ameketi chini ya turubai na vipande vya tairi vimemzunguka. Alinitazama tai yangu, kisha miguu yangu.

"Karibu, karani," alisema. "Lete nikione."

Alikikunja kiatu, akakinusa, akabonyeza ubavu wake kwa kidole gumba, na kidole kikaingia ndani.

"Hiki hakina kosa juu wala chini. Kimeoza tumboni."

Msomaji atauliza, kiatu kisichovaliwa chaozaje? Nami niliuliza hivyo hivyo. Soli za viatu vingi vya siku hizi hazikufanywa kwa kitu kimoja. Chini kuna mpira mgumu wa kupambana na mawe, na katikati kuna povu jepesi la kupokea uzito wa mtu. Povu hilo mara nyingi ni la poliyurethani, na adui yake ni unyevu. Maji yaliyo hewani huivunja asili yake kidogo kidogo, hata kiatu kikiwa kabatini. Kwa hiyo kiatu kilichowekwa miaka mingi ng'ambo bila kuguswa chaweza kuwa kibovu kuliko kilichotembea. Sponji ya kandambili ni ya namna nyingine. Hiyo haimeguki hivyo, ila hubonyea, kwa maana vipovu vyake vikisha kukandamizwa sana havirudi vilivyokuwa.

Zamani mambo yalikuwa mepesi zaidi. Watu wa pwani walikuwa na mitalawanda, kiatu cha mti mtupu. Hufaa uani na bafuni, lakini jaribu kutembea nayo maili tatu. Kitu kigumu peke yake huumiza wayo, na kitu laini peke yake huisha kabla ya mwezi. Hapana budi kuviunganisha, na taabu yote imo katika kuunganisha. Mguu unapokunjwa karibu na vidole, kilicho laini hunyoka sana na kilicho kigumu hunyoka kidogo, navyo huvutana mahali pale pale kila hatua. Hapo ndipo kiatu kinapofungua kinywa.

Yule mzee hakuwa na haja ya kufundishwa haya na mtu. Alinionyesha kipande cha tairi kilichokatwa, akaniambia nihesabu. Nje kulikuwa na mpira mweusi mgumu, uliochanganywa na masizi ili usilike upesi. Chini yake palikuwa na nyaya za chuma, kisha nyuzi zilizosukwa, na ndani kabisa mpira mwembamba wa kuzuia hewa. Tairi lenyewe ni soli ya gari! Nyaya hizo huharibu kisu, kwa hiyo hupenda tairi za namna ya zamani zenye nyuzi za nailoni tu, au ubavu wa tairi la gari dogo. Hulowesha kisu kwa maji ili kipite katika mpira bila kukwama. Wala hawezi kuuyeyusha mpira huo akaumwaga katika kalibu. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 jinsi ya kuupika mpira pamoja na salfa, mpira uliopikwa hauyeyuki tena kama mshumaa. Umbo hupatikana kwa kukata tu.

Aliliondoa povu bovu lote, akalikwangua mpaka ngozi. Akakata sponji nzito, na chini yake tabaka jembamba la tairi. Alizikwaruza pande zote kwa msasa, akapaka gundi, akaziacha mpaka haishiki kidole, ndipo akazigandamanisha na kuzipiga nyundo. Gundi hiyo ina mvuke mbaya, naye huketi upepo ukimtoka mgongoni. Nilidhani kazi imekwisha.

"Gundi ni ahadi tu," alisema. "Uzi ndio dhamana."

Akachimba mfereji mdogo kuzunguka soli, akashona kwa msharasi na uzi wa nailoni, uzi ukazama ndani ya mfereji ili nchi isiugugune. Alinitoza shilingi 400. Nilichelewa kazini, nikaandikwa.

Nikiwa nimeketi pale nilimkumbuka Eliud Kipchoge, ambaye tarehe 12 Oktoba 2019 alikimbia masafa ya marathoni huko Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Soli za viatu vyake zilikuwa za povu lenye bamba la nyuzi za kaboni ndani yake. Mwaka 2020 wakuu wa riadha wa dunia waliweka sheria kwamba soli za mbio za barabarani zisizidi unene wa milimita 40, wala zisiwe na bamba zaidi ya moja. Sisemi kazi ni moja. Hata hivyo swali ni lile lile linaloulizwa chini ya turubai la Riruta, na la mafundi wa Kibera ng'ambo ya Ngong Road: kigumu kikae wapi, na laini ikae wapi.

Kabla sijaondoka nilimwagizia baba yangu akala za kuvaa shambani, zile ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita katambuga. Niliomba ziwekewe sponji juu ya tairi, maana niliona ni heshima kwa mzee. Fundi alisita, lakini akafanya nilivyotaka.

Baba aliibandua sponji siku ya tatu. Alisema tope likiingia mguu huteleza juu yake, naye hawezi kulima akiwa amesimama juu ya godoro. Tairi lenyewe angali akilivaa. Viatu vyangu navyo vimemaliza masika mawili, na uzi haujakatika.