Amefika wa Tatu

Kabla sijamwona mwanamke akishika usukani kwa macho yangu, nilikuwa nimeshamsikia mmoja redioni. Ilikuwa Pasaka ya 1983. Nchi yetu bado iliitwa Zaire, mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa Uvira, na baba alikuwa dereva wa lori akipeleka sukari ya kiwanda cha Kiliba hadi Bukavu. Jioni redio iliwekwa dirishani upande wa ziwa, kwa sababu upande wa pili mlima uliziba mawimbi, na madereva wa mtaani walikuja kusikiliza habari za Safari Rally ya Kenya katika idhaa za Kiswahili.

Sidhani kama hata mmoja wao aliwahi kufika Nairobi. Lakini walizifuata habari zile kama wengine wanavyofuata mpira. Mashindano ya magari ya Ulaya, yale ya kuzunguka kiwanja cha lami, hayakuwahusu kitu. Safari ilikuwa mambo ya matope meusi, vumbi, mito inayojaa usiku, na gari linalovunjika mahali pasipo na fundi. Karibu kilomita 5000 za mambo hayo. Walimjua Joginder Singh kwa jina, na Shekhar Mehta aliyekuwa ameshinda mara nne mfululizo, walimzungumzia kana kwamba walikunywa naye chai Kamanyola.

Mwaka ule alishinda Ari Vatanen wa Finland katika Opel. Wa pili Hannu Mikkola, katika Audi Quattro. Wa tatu, Audi Quattro tena, na mtangazaji akataja jina la mwanamke: Michèle Mouton, Mfaransa. Aliyekaa kando yake akimsomea njia alikuwa mwanamke pia, Fabrizia Pons wa Italia.

Baba mdogo ndiye aliyesema kwanza. "Ni gari hilo, si yeye." Na kweli Quattro ilikuwa habari mpya kwa wote: magurudumu yote manne yanavuta, si ya nyuma peke yake. Wenzake wakaitikia. Baba akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Amefika, hajafika?"

Mtu asiyeijua njia ya Bukavu hawezi kuona uzito wa swali hilo. Ukitoka Uvira uwanda wa Ruzizi ni tambarare, unapita Sange na Luvungi huku unaimba. Ukishavuka Kamanyola unaanza kupanda Ngomo, barabara iliyochimbwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, korongo likiwa pembeni pasipo ukingo. Wenye haraka na karatasi zilizo sawa walivuka mto Ruzizi wakapitia Bugarama, upande wa Rwanda, ili kuikwepa. Baba alipita Ngomo. Mle hakuna aliyeulizwa amekuja wa ngapi. "Magari mangapi mazuri nimeyaacha Ngomo yamelala?" alimwambia mdogo wake. "Gari halijipandishi." Baba mdogo hakukubali, na ninavyokumbuka waliendelea na ubishi huo kwa miaka.

Nilipopata Kifaransa cha kutosha nilianza kuchakura magazeti ya zamani yaliyoachwa na wakubwa wa kiwanda, nikamkusanya Mouton kipande kwa kipande. Alizaliwa Grasse, kusini mwa Ufaransa, 1951. Aliingia ralini kama msoma njia, na baba yake ndiye aliyemwambia kwamba kama anataka mchezo huo basi aendeshe mwenyewe, akamnunulia Alpine na kumpa mwaka mmoja wa kuonyesha anachoweza. Oktoba 1981 alishinda Sanremo, Italia, akawa mwanamke wa kwanza kushinda rali ya ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akashinda Ureno, Ugiriki na Brazili.

Nililolishika zaidi ni lililotokea Côte d'Ivoire mwishoni mwa 1982. Ubingwa ulikuwa kati yake na Mjerumani Walter Röhrl. Muda mfupi kabla ya magari kuondoka, simu ilikuja kutoka nyumbani: baba yake amefariki kwa saratani. Mouton alitaka kurudi. Mama yake akamwambia aendeshe, ndivyo marehemu alivyotaka. Akaendesha. Akaongoza, akaacha wenzake mbali, kisha mitambo ya Quattro ikaanza kuleta shida, muda ukapotea gari likifunguliwa, na alipokuwa akikimbiza katika ukungu akatoka barabarani. Röhrl akawa bingwa, yeye wa pili.

Nilipoisimulia nyumbani, baba, mtetezi wake mkuu, aligeuka. Kwetu mtu haanzi safari maiti ikiwa ndani. "Msiba ni msiba," alisema. "Mashindano yapo kila mwaka." Mama, ambaye hakuwahi kusema neno juu ya rali, akaacha kupepeta mchele. Akasema yule mama wa Kifaransa alimjua mume wake kuliko sisi, na kama mume alimpa mtoto gari kwa mkono wake, basi kumrudisha mtoto njiani ndiko kungekuwa kumzika mara mbili. Baba hakujibu. Mimi mpaka leo niko upande wa mama, ingawa namwelewa baba vizuri zaidi sasa kuliko wakati ule.

Katika magazeti hayo hayo ndipo nilipogundua kwamba nafasi ile ya tatu ya Safari haikuwa mpya. Mwaka 1961, rali hiyo ikiwa bado na umri wa miaka minane, Mwingereza Anne Hall alimaliza wa tatu pamoja na Lucille Cardwell. Miaka 22 kabla ya Mouton! Na wakati huo hapakuwa na Quattro ya kusingiziwa. Nilimpelekea baba mdogo habari hiyo kama mtu anayepeleka hati mahakamani. Akasema zamani washindani walikuwa wachache.

Hapo nikaanza kuzitazama nyudhuru zenyewe. Nilipomwambia kuhusu Orie Rogo-Manduli, Mkenya aliyeingia Safari miaka ya 1970 akiwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na ambaye baadaye wengi walimjua kwa siasa na vilemba vyake vikubwa, akauliza alimaliza wa ngapi. Kwa Mouton, kufika wa tatu kulikuwa kazi ya gari. Kwa Manduli, kuingia tu hakukutosha. Nikamwambia, baba mdogo, wewe una mizani mbili. Akacheka. Alikuwa mtu mzuri, tusimwonee. Alisema waziwazi tu yale ambayo wenzake waliyasema wakiwa wameinama chini ya gari.

Mouton mwenyewe hakukaa sana. 1985 alikwenda Marekani akapanda Pikes Peak kwa Quattro, akawa wa kwanza juu ya kilele na kuvunja rekodi, dakika 11 na sekunde 25. Ule ni mlima wa kona nyingi na korongo pembeni, na hilo lilimtosha baba: "Huyo ningempa lori Ngomo." Mwaka uliofuata alichukua ubingwa wa Ujerumani akiwa na Peugeot. Lakini Mei hiyo ya 1986 dereva Henri Toivonen na msoma njia wake walikuwa wamekufa ralini Corsica, magari ya daraja lao yakapigwa marufuku, naye akastaafu. Alikuwa na miaka 35.

Kisha ikaja miaka yetu. Oktoba 1996 vita vilifika Uvira. Kiwanda cha Kiliba kikasimama, lori la baba likaenda na watu ambao hawakuandika risiti, na kwa muda mrefu redio tuliiwasha kwa habari nyingine.

Mara hii jina lilikuja kwa simu ya mkononi, na lilikuwa la karibu. Mwaka 2011 Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa wa rali Uganda, akiwaacha wanaume wote nyuma yake. Si rali moja, msimu mzima. Nilikwenda gereji nikiwa tayari kwa ubishi, na ubishi ukawa mfupi. Kijana mmoja alisema Uganda kuna pesa. Mwingine akamjibu kwamba pesa hizo wanaume wa Uganda nao wanazo. Mada ikaishia hapo, wakarudi kwenye bei ya magurudumu. Mwaka 2022 Maxine Wahome wa Kenya aliposhinda daraja la WRC3 katika Safari, na Murage Waigwa akimsomea njia, vijana walinionyesha video wao wenyewe, wakabishana kuhusu gari lake dogo la Ford lilivyopita mchanga wa Naivasha.

Ningependa kuandika kwamba barabara imepanda tu tangu hapo, lakini sivyo. Tangu Mouton aliposhinda Brazili 1982, hakuna mwanamke mwingine aliyeshinda raundi ya ubingwa wa dunia. Zaidi ya miaka 40. Yeye mwenyewe kuanzia 2010 aliongoza tume ya wanawake katika shirikisho la dunia la michezo ya magari, kutafuta wa kumfuata. Kilichobadilika kwetu ni kwamba udhuru umekosa wa kuusema kwa sauti. Kilichobaki ni fedha, na fedha haihitaji kubishana na mtu.

Binti wa kaka yangu ana leseni sasa. Anaendesha teksi, Probox iliyotumika, kati ya mjini na Kavimvira. Wapo abiria wanaochungulia, wakiona msichana wanajifanya wanangoja gari jingine. Wapo akina mama wanaomtafuta yeye tu. Siku moja nilimwonyesha picha ya Quattro ile, imechafuka matope mpaka paani, nikamsimulia yote: Sanremo, Côte d'Ivoire, mchele wa mama. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza linakunywa lita ngapi kwa kilomita 100. Nikasema nyingi. Akauliza kama lingevuka Mulongwe mto ukishuka kama ulivyoshuka Aprili 2020, uliposomba nyumba na watu. Nikasema, mwanangu, siku ile hata kifaru kisingevuka.

"Basi, shangazi, na yeye angekaa angoje kama sisi," akasema, akawasha gari, maana mama mmoja mwenye ndoo mbili za samaki alikuwa anampungia mkono.