Swoon, Faint, Zimia

Katika riwaya ninayoiandika kuna mama wa Ushongo anayeanguka mchangani baada ya kuona ngalawa imerudi bila mwanawe. Sura nzima imekwisha, limebaki neno moja tu: alifanyaje?

Sisi tuliosoma sekondari kwa Kiingereza, neno la Kiingereza ndilo hutangulia kufika. Likaja swoon. Maana yake kuzimia, kuzirai, hakuna ubishi. Lakini jamani, swoon siku hizi ni ya mapenzi zaidi. Miaka ya 1940 huko Marekani lilitumika sana kwa wasichana waliokuwa wakilegea kwa sauti ya Frank Sinatra. Mama aliyefiwa huwezi kumvika nguo hiyo.

Nikageukia faint. Hili nalo lina siri yake. Limetoka Kifaransa cha kale, kwenye kitenzi kilekile kilichozaa feign, yaani kujifanya. Waingereza wengi wameshasahau, ila mimi nilishtuka, maana kwetu pwani mwanamke akianguka msibani hakosekani mtu pembeni wa kunong'ona, "Anajitia huyo." Pass out ndiyo usiseme: walevi, na askari wanaohitimu mafunzo!

Turudi nyumbani. Kuzirai ni neno safi, ila mimi nalisikia redioni kuliko ufukweni. Watu husema "kazimia", nami nalipenda kwa kuwa ndani yake mna kuzima, kama koroboi iliyopigwa na upepo wa kusi. Shida ni nyie wenzangu wa mjini. Kijana wa Tanga au Dar akisikia "kamzimia" anacheka, kwa sababu mtaani maana yake ni kupenda mpaka basi. Swoon na zimia, lugha mbili zisizo na undugu, zimepita njia ileile.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi pia, anashauri niandike "alipoteza fahamu", yaishe. Hapana bwana. Hiyo ni ya daktari na ya ripoti ya polisi. Mama huyu kapoteza mwana.

Nimeandika "mama akazimia", bila ile "m" ya kumtaja mpendwa. Anayetaka kucheka na acheke. Kisha nikaongeza wanawake wawili wanaomlaza chali, mmoja akimwinua miguu damu irudi kichwani, na wa tatu pembeni, ananong'ona. Huyo wa tatu sijampa jina bado.