Taa ya Vifaranga

Kazi ya sola niliingia nikitokea kwenye redio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kibanda chetu pale Singida mjini kilitengeneza redio kaseti, na wateja wa vijijini ndio waliotuletea paneli za kwanza: vipande vya wati 14 vilivyoviringishwa kwenye gunia, vimenunuliwa mnadani bila mtu kujua vitawasha nini. Kipimo hakikuulizwa. Uliuziwa kilichopo, ukafunga, taa ikawaka. Ikizimika saa mbili usiku, basi ndiyo sola hiyo. Naamini sifa mbaya ya sola vijijini ilianzia hapo zaidi kuliko kwenye vifaa feki tunavyopenda kuvilaumu.

Baadaye nilianza kutembea na daftari. Ukimuuliza mtu ana vifaa gani, atakutajia anavyojivunia: televisheni, king'amuzi, spika. Mimi nikawa nauliza usiku wake unavyokwenda. Nani hulala wa mwisho? Taa ya nje inazimwa, au inakesha? Wajukuu wakija likizo wanalala chumba gani? Mafundi wenzangu waliniita karani wa sensa.

Manyoni alikuwepo mwalimu mstaafu wa kike, aliyehamia shambani baada ya kuishi mjini na umeme wa TANESCO. Alinipokea kwa uji, akanitajia vitu vyake kama anayesoma mahudhurio. Taa nne za wati 7, saa tano kila usiku: wati-saa 140. Televisheni na king'amuzi chake, wati 55 kwa saa nne: 220. Simu za nyumba nzima, tuseme 40. Jumla 400. Kwa lugha ya mita ya LUKU haifiki hata nusu uniti, maana uniti moja ni 1,000.

"Na taa ya mwisho, Mwalimu, nani anaizima?"

"Mimi mwenyewe. Saa nne niko kitandani."

Mjukuu wake akadakia kutoka mlangoni: "Bibi, ile ya vifaranga haizimwi."

"Ile si ya nyumba, ile ni ya kuku."

Ilikuwa balbu ya zamani, ya wati 60, aliyokuja nayo kutoka mjini. Alitaka iwake usiku kucha, kwa saa kumi na mbili, ili vifaranga wasife kwa baridi. Sitini mara kumi na mbili ni 720. Banda lingekula karibu mara mbili ya nyumba nzima, na kwenye orodha yake halikuwemo.

Nilimwekea hesabu mbele. Pale Manyoni paneli ya wati 100 haikupi 100 kwa kila saa ya mchana. Jua lenye nguvu kamili ni la kama saa tano tu kwa siku. Joto, vumbi, waya na betri navyo vinachukua chao, unabaki na 350 hivi kwa siku. Nyumba peke yake ilitosheka na paneli ya wati 150. Pamoja na banda? Wati mia nne, kwa uchache, kama tukiacha nafasi ileile. Betri ndiyo ingeumiza zaidi. Januari mvua zikishika, nataka nyumba ivuke usiku wa pili hata kama jua halikuonekana. Hiyo ni 800. Betri ya risasi ukiinyonya chini ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo 800 inakuwa 1,600, ambayo kwa volti 12 ni kama ampea-saa 133. Tungenunua ya 150. Kuku wangehitaji mbili zaidi za namna hiyo.

"Vifaranga wanataka mwanga au joto?" nilimuuliza.

Mwalimu akacheka, akaagiza mkaa na chungu cha kupashia banda joto. Taa ya wati 3 tuliwawekea ili waone chakula.

Joto ndilo adui wa sola ndogo. Pasi, birika, heta ya kuogea: hivyo nilivifuta kwenye madaftari ya watu bila huruma, nikasamehe televisheni hata ikiwa kubwa.

Siku hizi niko Dodoma, betri ni za lithiamu, unaweza kutumia sehemu kubwa ya uwezo wake bila kuzidhuru, na paneli zimeshuka bei mno. Kwenye mgao wa umeme wa 2023 walinijia watu wa mjini, nao wanataka friji isilale. Hawa siwaandikii orodha. Nawaambia wasome LUKU saa kumi na mbili jioni, wasome tena saa kumi na mbili asubuhi, kwa wiki nzima, umeme usipokatika. Tofauti ya usiku ndiyo betri yao, ukiongeza akiba kidogo. Inveta ina hesabu yake, kwa sababu friji ikianza kunguruma huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni.

Jamaa mmoja wa Area C aliniletea wastani wa uniti tano kwa usiku, nyumba ya watu watatu. Nilikwenda kuona. Mpira wa mlango wa friza ulikuwa umechanika upande mzima wa chini, barafu imejaa hadi droo hazivutiki. Fundi friji ndiye aliyeanza kulipwa.