USIMWAMBIE BWANA UNAONA KAMA HUJAONA



Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo, lakini nakuomba uusome mpaka mwisho. Ni neno, na pia ni toba yangu.

Fungua Marko 8, mstari wa 22 hadi 26. Unamjua yule kipofu wa Bethsaida. Bwana anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtia mate machoni, anamwekea mikono. Halafu anamwuliza kama anaona. Huyu mtu hakupiga kelele kwamba amepokea. Alisema kile alichokiona: watu wako pale, lakini ni kama miti inayotembea. Yaani nusu. Na Bwana hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwekea mikono mara ya pili.

Sasa nikueleze kwa nini andiko hili limenichoma.

Mama yangu macho yake yamezeeka. Daktari alituambia kwamba ile sehemu ya katikati ya retina inakufa polepole. Pembeni anaona. Anaona mlango, anaona kuku akipita. Lakini akikutazama usoni, hapo katikati pana giza. Mimi ananijua kwa sauti.

Jumapili moja mwaka juzi nilimwita mbele. Kanisa lote lilisimama, tukaomba kwa moto. Nikamwekea mikono, nikamshikia maikrofoni: "Mama, unaona?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Naona, mwanangu." Kanisa likalipuka! Usiku huo nikaweka picha yake hapa hapa kwenye ukurasa huu. Wengi wenu mliandika Amina.

Jioni nyumbani alinimiminia chai. Chai ikamwagika mezani, kando ya kikombe. Akaniambia polepole, "Nilisema naona kwa sababu watu walikuwa wanangoja. Sikutaka uaibike."

Mpendwa, ile picha sikuiondoa. Niliiacha.

Nina mpwa wangu, binti ya dada yangu, ambaye ni msaidizi wa utafiti katika maabara moja London. Wanafanya kazi ya seli shina kwa ajili ya macho. Siku moja nilimpigia simu nikamkaripia kwa nini hakuwa ibadani Jumapili. Akasema, "Mjomba, nilikuwa nalisha seli."

Nilidhani ni mzaha. Akanieleza. Seli shina ni seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Zinawekwa kwenye visahani, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, kama joto la mwili wako. Wakiwa katika hatua fulani, chakula chake hubadilishwa kila siku, na seli haijui kama leo ni Krismasi. Kwa wiki nyingi wanaziongoza mpaka ziwe seli za lile tabaka jeusi lililo nyuma ya retina, ambalo kazi yake ni kuzitunza seli zinazopokea mwanga. Tabaka hilo likifa, mtu anapoteza kuona. Siku zikianza kupata rangi, anaona madoa ya kahawia kwenye kisahani, na anafurahi kama mkulima aliyeona mahindi yametokeza. Lakini bakteria au kuvu ikiingia, kazi ya miezi miwili inatupwa jioni moja.

Najua swali lako, kwa sababu na mimi nililiuliza: seli hizo zinatoka wapi? Kuna maabara zinazotumia seli za viinitete, na Wakristo wengi wana mzigo juu ya jambo hilo. Lakini mwaka 2006 Mjapani mmoja, Shinya Yamanaka, alionyesha kwa panya kwamba seli ya ngozi ya kawaida inaweza kurudishwa ikawa kama changa tena. Mwaka uliofuata ikafanyika kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 akapewa tuzo ya Nobel. Mpwa wangu anatumia seli za aina hiyo.

Kisha kaka yangu akapata habari ya kliniki ya ng'ambo inayodunga "seli shina" machoni na kuahidi kuona. Akataka tufanye harambee. Nilikuwa tayari kuitangaza madhabahuni. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, tafadhali, hapana." Akanisimulia habari ya wanawake watatu wazee kule Florida. Walilipa dola 5,000 kila mmoja, wakatolewa mafuta tumboni, seli zake zikadungwa macho yote mawili siku moja. Madaktari waliandika kisa chao mwaka 2017. Macho yao yaliharibika vibaya, na mmoja wao hakuweza kuona hata mwanga.

Nikamwuliza, "Na wale wakweli wamefika wapi?" Akaniambia juu ya Kobe, Japani. Mwaka 2014 kikosi cha Dkt. Masayo Takahashi kilimwekea mama mmoja wa miaka ya sabini kipande cha tabaka hilo, kilichotengenezwa kutoka ngozi yake mwenyewe. Matokeo? Macho yake hayakuwa bora, ila hayakuendelea kuharibika. Ndivyo walivyoandika. Na kwa mgonjwa wa pili, walipokuta mabadiliko katika chembe za urithi za seli zake, walisimama. Hawakumwekea.

Nikasema, "Lakini dunia nzima ilikuwa inangoja!"

Akajibu, "Mjomba, kila jioni kuna daftari. Seli zikifa, naandika zimekufa. Nikiandika ziko hai ili mkubwa wangu afurahi, siku moja zitaingia kwenye jicho la nyanya ya mtu."

Nilikata simu nikapiga magoti. Yule binti niliyemkaripia kwa kukosa ibada alikuwa anatunza ukweli kuliko mimi mwenye maikrofoni.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema: mama yangu haoni. Nilimweka mahali ambapo hangeweza kusema kweli. Nisameheni. Picha nimeiondoa. Wengine walihama kanisa, na siwalaumu. Mama aliniambia, "Sasa unaweza kuniombea tena."

Unasikia hilo? Mpaka siku ile, hakuna aliyekuwa anamwombea, kwa sababu tulishatangaza amepona. Ushuhuda wa uongo ulimfungia mlango wa mguso wa pili. Yule mtu wa Bethsaida angesema anaona vizuri, angerudi nyumbani akiishi na miti inayotembea maisha yake yote.

Naamini Mungu anaponya, na sitaacha kuweka mikono. Lakini wewe uliyesema "niko sawa" ili mchungaji asiaibike, nenda ukamwambie Bwana kweli. Ndoa bado inauma? Sema. Pombe bado inakuita? Sema. Haji kwako na maikrofoni.

Na kama una mzazi ambaye macho yanafifia, mpeleke hospitalini wiki hii. Wengi hapa kwetu wana mtoto wa jicho, na huo huondolewa kwa upasuaji mfupi. Usimfiche kwenye maombi pekee, wala usimpe muuza miujiza, awe na Biblia mkononi au koti jeupe.

Tuombe: Baba, tusamehe tuliotangaza ambacho hukufanya. Wabariki vijana walio maabara usiku huu, wanaolisha seli sisi tukilala. Mpe mama yangu, na kila asiyeona, mguso wako. Nasi utupe moyo wa kungoja tukisema kweli. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtu unayetaka tumwombee macho, andika jina lake la kwanza hapa chini. Na andika hali yake ilivyo.